Kilo Mbili Pungufu

Mwalimu Damayanti alivunjwa vidole vya mkono wa kulia saa nne asubuhi, mlangoni kwake, na aliyegonga mlango ule ni mimi. Naliweka hili mbele kabisa, msije mkanionea huruma bure nitakapofika kwa mdogo wangu.

Naitwa Bechan. Kwa miaka kumi na mmoja nimesukuma guta la mitungi ya gesi katika mji wa Dumrahi, kaskazini mwa Bihar. Wakala wa gesi wa mji mzima ni mmoja, Tribhuvan Rai, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Tajiri. Juu ya dirisha la ofisi yake ameandika kwa rangi nyekundu kwamba mteja ni mfalme. Wafalme hao nimewaona sana, wamepanga foleni juani tangu alfajiri, kitabu cha gesi mkononi, wakitukanwa na karani ambaye hata kuinua uso hataki.

Mtungi wa nyumbani hutoka kiwandani na kilo kumi na nne na ushee za gesi. Ukifika jikoni kwako una kumi na mbili, na siku mbaya kumi na moja na nusu. Kilichopungua kilibaki kwenye ghala la Tajiri, nje kidogo ya mji, karibu na tanuri la matofali. Huko wanaume wawili walikuwa wakiupindua mtungi uliojaa juu ya mtungi mtupu, wanaunganisha koki kwa koki kwa bomba fupi la shaba, kisha wanasubiri. Wakati wa baridi waliumwagia maji ya moto mtungi wa juu ili gesi ishuke haraka. Lakiri ya plastiki nayo ililainishwa kwa maji hayohayo, ikarudishwa shingoni, na mtungi ukatoka pale kama haujaguswa na mtu. Gesi ya wizi iliuzwa kwa mahoteli na wapishi wa harusi. Mmoja wa wanaume wale wawili alikuwa Lalmuni, mdogo wangu wa tumbo moja, na kazi ile nilimtafutia mimi.

Mtauliza watu wazima wenye macho yao waliibiwaje miaka yote hiyo. Sheria inataka kila msukuma guta awe na mizani ya ndoana, na mteja akitaka, mtungi upimwe palepale mlangoni. Mizani nilikuwa nayo, imening'inia kwenye guta inakula kutu. Hakuna aliyeiomba, kwa sababu kwetu anayeleta mzigo nyumbani hupewa maji kwanza, pamoja na kipande cha sukari guru ili maji yasishuke matupu. Ukishampa mtu maji, huwezi tena kumshuku wizi. Utakuwa umejitukana mwenyewe. Tajiri alilijua hilo vizuri sana. Alitufundisha tufike tukiwa na kiu: tugonge, tufute jasho, tuombe maji, ndipo tushushe mtungi. Wizi wote ulipitia kwenye adabu za watu, na hilo linanichoma kuliko zile kilo zenyewe.

Mwaka wa uchaguzi serikali iligawa majiko ya bure kwa akina mama maskini, na kila jiko lilikuja na picha ya kiongozi anatabasamu. Mke wa Lalmuni, Phulmatia, alipata lake, akapigwa picha na watu wa gazeti. Mtungi wa kwanza ulikuwa bure. Wa pili ulitaka ujira wa siku tatu za kibarua, mtu hajala wala hajavaa. Jiko likapandishwa juu ya sanduku, likafunikwa kitambaa, na Phulmatia akarudi kupikia samadi kavu huku macho yakimtiririka. Redioni wakatangaza kwamba moshi umekwisha majumbani. Ningependa aliyetangaza hayo aje apulize moto wa samadi yenye unyevu mwezi wa Agosti, kisha ayarudie maneno yake.

Sasa Mwalimu Damayanti. Alikuwa mjane, mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa tabaka la makuhani. Watu wa tabaka lake wakimpa maji mtu wa tabaka langu humimina kutoka juu, wewe unakinga viganja. Yeye alinipa kwa kikombe anachonywea mwenyewe, miaka yote, mbele ya majirani zake, na majirani walimsema hadi wakachoka. Siku moja mwezi wa Julai alinipa maji, akanipa sukari guru, akasubiri nimeze. Kisha akasema:

“Bechan mwanangu, sasa tundika mizani.”

Nilimwambia, “Mwalimu, unaniaibisha.”

“Maji nimekupa wewe. Mtungi sijaupa.”

Mtungi wake ulitakiwa kuwa kilo thelathini kamili, chuma na gesi pamoja, imeandikwa shingoni. Mizani ikasimama ishirini na saba na robo. Mwalimu hakunigombeza. Aliita majirani waje waone, na kabla sijamaliza kufunga guta uchochoro ulikuwa umejaa wanawake, kila mmoja ana mtungi wake anataka upimwe. Tulipima tisa. Hakuna hata mmoja uliotimia.

Aliandika malalamiko kwa baraza la walaji la wilaya. Wanawake thelathini na mmoja wakatia dole gumba. Ila alijua Tajiri atasema gesi inapungua njiani, wasukuma guta ndio wezi, kwa hiyo akahitaji sahihi ya mtu mmoja wa ndani. Akaja kwangu kwa miguu yake, akaketi kwenye kitanda cha kamba nje ya nyumba yangu, mtaa ambao watu wa tabaka lake hawauingii.

Nilimkatalia. Nilimwambia ukweli: polisi wakiingia ghalani hawatamkuta Tajiri ameshika bomba. Watamkuta Lalmuni. Sheria ya nchi hii hukamata mkono ulioshika kitu, na mwenye mkono huo huwa ni sisi. Mwalimu akasema basi nimtoe mdogo wangu kwanza, nitie sahihi baadaye. Nilimwahidi kwamba nitamtoa baada ya sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, kwa kuwa siku hiyo Tajiri hutoa bahasha na nguo mpya.

Ni miezi miwili tu, nilijiambia. Lalmuni mwenyewe nilipomgusia alicheka. “Kaka, ukisema niache, naacha leo. Sema tu.”

Alikuwa hivyo tangu baba yetu afe. Nilimwambia aache shule, akaacha. Nilimwambia aoe, akaoa msichana ambaye hakuwahi kumwona, na namshukuru Mungu wakapendana. Nikimtuma kitu hakuuliza kwa nini. Ningesema neno moja tu siku ile, angeacha. Sikulisema, maana mshahara wake ulikuwa unalisha nyumba mbili, na mojawapo ilikuwa yangu.

Mwezi wa Agosti Tajiri akaniita ofisini. Alikuwa anagombea uenyekiti wa halmashauri ya mji, na uso wake ulikuwa umebandikwa kila ukuta, mikono ameikunja kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona ana kwa ana. Kando yake alisimama Jhunnu, mtu wake wa mabavu, jitu lenye shingo nene na sauti ndogo. Tajiri alinimiminia chai mwenyewe. Alisema baraza limemwandikia barua, na kwamba hana ugomvi na bibi mzee, ila bibi mzee anatumiwa na wapinzani. Nikajibu kwamba Mwalimu hatumiwi na mtu. Akatabasamu.

“Bibi yule hamfungulii mtu asiyemjua,” alisema. “Wewe anajua unavyogonga.”

“Tajiri, nitume kazi nyingine.”

“Lalmuni yuko ghalani sasa hivi. Nimpigie mkuu wa kituo akamkute na bomba mkononi? Miaka saba, Bechan. Chagua.”

Nikachagua. Kesho yake saa nne tulifika uchochoroni na guta, mtungi mmoja juu yake. Jhunnu na mwenzake walijibana ukutani wamejifunga vitambaa usoni. Niligonga kama ninavyogonga siku zote, mara mbili na kofi. Nilisikia ndara zake, nikasikia akichota maji ndooni. Alifungua mlango ana kikombe mkononi.

Jhunnu alimpiga teke la tumbo kabla hajaniangalia vizuri. Alianguka chali, miwani ikaruka, maji yakamwagika kifuani kwake. Jhunnu akamkanyaga ubavu mmoja, akamkanyaga wa pili, taratibu, kama mtu anayekanyaga udongo wa kufinyanga. Kisha akamburuta kwa mkono wa kulia hadi kizingitini, akaviweka vidole vyake kwenye fremu upande wa bawaba, na kuusukuma mlango kwa bega. Mlango ule ni wa mbao ngumu, wa zamani, mzito. Aliusukuma mara tatu. Mara ya kwanza Mwalimu alipiga ukelele. Mara ya pili na ya tatu nilisikia mifupa tu. Jhunnu akainama, akamwambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba mkono wa kushoto bado mzima, autumie vizuri.

Mwenzake alikuwa ameshika simu anapiga picha za video. Nilidhani anampiga picha Mwalimu. Kumbe alikuwa ananipiga mimi, nimesimama na guta langu, uso wazi, mchana kweupe.

Mwalimu aliwaambia polisi kwamba waliomvamia walikuwa wamefunika nyuso na kwamba hakumtambua hata mmoja. Mimi sikwenda kumwona. Nikawa napita mtaa wa pili.

Ikafika Vishwakarma, tarehe kumi na saba Septemba. Siku hiyo kwetu hakuna chombo cha kazi kinachoguswa. Seremala anaosha randa yake, dereva anaosha lori, wanavipaka unga mwekundu na kuvivika maua, kuhani anasoma, taa ya samli inawashwa, na vyombo vinapumzika hadi kesho yake. Ghalani nako ilikuwa hivyo. Niliona kwa macho yangu bomba la shaba la wizi limewekwa juu ya kitambaa chekundu mbele ya picha ya mungu, limepakwa unga, lina ua la marigoldi kwenye koki. Kuhani alilinyunyizia maji matakatifu bila kuuliza ni la nini. Tajiri alitoa bahasha, akagawa peremende, akasalimiana na kila mmoja wetu kwa jina maana kura zilikuwa karibu.

Halafu akasema kuna kazi ndogo. Mchana ule alikuwa na mkutano wa kampeni na karamu ya watu elfu tatu, na wapishi walitaka mitungi kumi na minane kabla ya saa sita. Mzee Nathuni, aliyefanya kazi pamoja na Lalmuni, alimkumbusha kwa upole kwamba leo chombo kinapumzika. Tajiri akamjibu kwamba mungu wa mafundi anapenda mafundi wachapakazi. Akapanda gari akaenda zake.

Wakachukua bomba kutoka kwenye kitambaa, bado lina unga. Taa ilikuwa inawaka mwisho wa pili wa ghala, hatua kama ishirini. Nilikuwa napakia mitungi ya kwanza kwenye guta. Lalmuni akaniita.

“Kaka, tuizime ile taa?”

Anayeizima taa ya ibada kwa mkono wake kabla haijamaliza samli anaiita nuksi nyumbani kwake. Hayo tumeyanyonya na maziwa. Phulmatia alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Nikamwambia aiache, iko mbali, mlango uko wazi.

Kila mtu wa gesi anajua kwamba gesi hii haipandi juu, inatambaa chini sakafuni. Nilijua. Miaka kumi na mmoja nimelijua hilo.

Nilikuwa nimesukuma guta hadi getini niliposikia sauti, si mlipuko, bali kama shuka kubwa linalochanwa. Nilipogeuka, sakafu yote ya ghala ilikuwa bluu. Ndipo mtungi wa kwanza ulipopasuka. Paa la bati liliruka, na kitu kilinipiga mgongoni nikaanguka juu ya guta langu. Mitungi ilipasuka mmoja baada ya mwingine, chuma kikiruka hadi kwenye tanuri la matofali, na Mzee Nathuni nilimwona akiwa amekaa tu ukutani, kichwa hakipo. Lalmuni alitoka anatembea. Alitembea wima hadi kwangu, nguo zimekwisha, ngozi ya mikono inaning'inia kwenye vidole, akaniuliza kama bahasha yake iko salama. Nilimkumbatia ili nimzime. Kifua changu hadi leo kina alama ya kifua chake.

Hospitali ya wilaya walimlaza kwenye wodi ya walioungua, chini ya chandarua, na daktari akaniambia sehemu tisa katika kumi zimeungua na kwamba nisinunue dawa za bei. Alikuwa na fahamu zake zote. Wanaoungua sana hawasikii maumivu sana, kwa kuwa kinachosikia maumivu kimeungua pia. Aliomba maji, aliuliza juu ya mkewe.

Jioni Tajiri alikuja na Jhunnu kwenye ujia wa hospitali, ana kapu la matofaa. Hakuingia wodini. Alieleza kwa ufupi, kama mtu anayeagiza mzigo. Mtu aliyeungua kiasi kile, hakimu lazima aje amwandikie maneno yake ya mwisho. Maneno hayo hayaapiwi na hayahojiwi. Mahakama huyapokea kama yalivyo, kwa imani kwamba mtu anayekwenda kufa hana sababu ya kusema uongo. Lalmuni aseme alikuwa anaiba gesi kwa faida yake mwenyewe, na wakala hakujua. Phulmatia atapata rupia laki mbili na jina lake litaandikwa kwenye nyumba za serikali.

“Na asiposema?” niliuliza.

Tajiri alimtazama Jhunnu. Jhunnu akatoa simu, akanionyesha mimi mwenyewe, nimesimama mlangoni kwa Mwalimu.

Phulmatia alikuwa ameketi sakafuni kwenye ujia uleule, amejifunika sari hadi kidevuni. Kwetu mke wa mdogo wangu hasemi nami. Miaka sita tumekaa ua mmoja, sijawahi kuona uso wake wala kuisikia sauti yake ikielekezwa kwangu. Akitaka nijue jambo, humwambia mtoto, au paka, au ukuta, nami husikia kana kwamba sikusikia. Tajiri alipoondoka aligeukia ukuta, akauambia:

“Ukuta, wewe unasikia. Mimi hela ya yule mtu siitaki. Baba wa mwanangu asife anaitwa mwizi. Mtu akiingia mle ndani amwambie aseme kweli.”

Alisema mara mbili, mara ya pili kwa nguvu zaidi, hata muuguzi akageuka. Ningeweza kumjibu. Dunia ilikuwa imeshapinduka, nani angetuhesabia adabu? Lakini desturi ilinipa pa kujificha, nami nikajificha. Nilitazama mbele kama mtu asiyesikia, nikainuka, nikaingia wodini.

Nilipiga magoti kando ya kichwa chake. Nikamwambia yale ya Tajiri, neno kwa neno. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Ya simu sikumwambia. Alinitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka, akauliza kitu kimoja tu.

“Wewe ndiye unayesema, Kaka, au ni wao?”

“Ni mimi.”

“Haya,” alisema.

Hakimu alifika asubuhi, kijana, ana kitambaa puani. Daktari akaandika kwamba mgonjwa ana akili timamu, na sisi ndugu tukatolewa nje, kama sheria inavyotaka. Ilichukua dakika kumi na tano. Vidole vya mikono havikuwa na ngozi ya kutia alama, kwa hiyo walimpaka wino dole gumba la mguu wa kushoto. Niliona wino ule nilipomwosha. Alikufa saa nane mchana siku hiyohiyo.

Polisi walifungua jalada dhidi ya marehemu wawili, wakalifunga. Mkutano wa kampeni ulifanyika wiki iliyofuata, na Tajiri alilia jukwaani kwa ajili ya vijana wake wawili waliopotoka. Watu walimpa kura. Akatwaa uenyekiti wa halmashauri, na ghala likajengwa upya, paa jipya, rangi mpya. Zile laki mbili Phulmatia alizirudisha mlangoni kwa Tajiri, akazimwaga kwenye tope. Wapita njia waliziokota.

Siku ya kumi na tatu, baada ya kunyoa kichwa na kumaliza ibada za msiba, nilikwenda kwa Mwalimu. Sikugonga. Niliita jina lake nikiwa uchochoroni. Alitoka, mkono wa kulia umefungwa, vidole vitatu havikurudi mahali pake. Nilimwambia yote, la mlango, la taa, la wodini. Alinizaba kofi kwa mkono wa kushoto, akanizaba la pili, na la tatu likanipata sikioni hadi nikayumba. Majirani walikuwa wanatazama. Kisha akaniambia niingie.

“Nilijua ni wewe,” alisema. “Nilikunyamazia nikidhani utakuja ukiwa bado una mdogo wako.”

Yeye ndiye aliyetafuta wakili, yeye ndiye aliyelipeleka suala mahakamani hadi Tajiri akaitwa kwa jina kujibu kuhusu vifo viwili. Shahidi nilikuwa mmoja. Wiki moja kabla ya siku yangu, Jhunnu alinikamata penye bomba la maji la mtaani akiwa na wenzake wanne. Walinivunja taya na goti. Nililala kwenye tope la bomba, akina mama wanaendelea kukinga ndoo, na nawaambieni ukweli, nilifurahi. Kila pigo nililihesabu kuwa langu halali. Nilikwenda mahakamani kwa magongo, taya limefungwa waya, nikazungumza kupitia meno.

Nilisema yote. Nilitaja bomba, maji ya moto, lakiri, mahoteli. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyegonga mlango wa Mwalimu, nikaomba nikamatwe. Tajiri alikuwa ameketi safu ya mbele na shada la maua aliyovishwa nje.

Wakili wake alisimama na karatasi moja. Akaomba ruhusa kusoma maneno ya mwisho ya Lalmuni, mtoto wa Sukhdeo. Sehemu ya kwanza niliijua: nilikuwa naiba kwa faida yangu, wakala hakujua. Kumbe iliendelea.

“Kaka yangu Bechan hakujua lolote. Hajawahi kufika ghalani nikiwa kazini. Kama kuna mtu atamsingizia kwamba aligonga mlango wa mtu, ni uongo, siku hiyo alikuwa nami nyumbani. Msimsumbue kaka.”

Alijua. Sijui nani alimwambia, labda Jhunnu alijisifu ghalani. Alijua mwezi mzima, akaendelea kuniita kaka.

Wakili akaweka karatasi chini na kuuliza mtu ambaye hakujua lolote amekuja kutoa ushahidi gani. Watu wakacheka. Nilipaza sauti nilivyoweza na lile taya, nikamwambia hakimu kwamba mdogo wangu alisema uongo, na kwamba aliusema kwa kuwa mimi nilimwagiza.

Hakimu alikuwa mtu mzima, hakuwa mbaya. Alivua miwani, akaniuliza taratibu.

“Hii sehemu inayokuhusu wewe, ulimwagiza pia?”

Nilikuwa nimeapa kusema kweli.

“Hapana, mheshimiwa. Hiyo aliisema mwenyewe.”

Akaandika kwamba marehemu aliisema kwa hiari yake, kisha akaniambia nishuke kizimbani.